Sentimita Tatu za Mvouni

Youssoufa alikwenda kambini kudai mali ya ofisi, akarudi amebebeshwa kazi ya watu wengine.

Ulikuwa mwaka wa tano tangu wale mamluki wa kizungu wateremke ufukweni na kuiangusha serikali kabla hakujapambazuka. Rais alibadilika, wazungu wakabaki. Walijijengea kambi, na walichokihitaji walikichukua pale kilipo. Safari hii walihitaji theodolaiti, ile darubini ya miguu mitatu ambayo wapima ardhi huisomea pembe. Ofisi ya maji ya Moroni ilikuwa nayo moja tu. Askari wawili walikuja na gari, wakalibeba sanduku zima pamoja na tepu ya chuma iliyokuwa ndani yake, wakampigia mkuu wa ofisi saluti na kuondoka.

“Tuvute subira,” alisema mkuu wa ofisi.

Subira Youssoufa hakuwa nayo. Alikuwa na kazi ya bomba huko kwao Mutsamudu, kisiwa cha pili, bomba la kuteremsha maji kutoka chemchemi ya mlimani hadi kwenye nyumba za pembeni karibu na Mirontsy. Wanawake wa huko walikuwa wakipanda mlima na ndoo tangu yeye hajazaliwa. Urefu wa mtaro alikwisha kuupima kwa tepu ya kitambaa, ile kuukuu iliyosalia ofisini, na mabomba yalikwisha kuagizwa na kufika. Sasa ilibaki kupima miteremko, na bila theodolaiti ilimbidi atumie mpira wa maji, watu wawili wakishika ncha huku na huku na kubishana maji yamesimama wapi. Kazi ya siku mbili ilikuwa imekula wiki tatu na haijafika nusu.

Basi akaenda kambini mwenyewe.

Aliyempokea ni kapteni mmoja jina lake Lambert, ambaye alikuwa amesilimu na kujiita Idrissa. Watu wa mtaa wa Badjanani walimwitikia salamu kwa kuwa salamu ni haki ya mtu, lakini jina la Idrissa walilitamka kama wanaotafuna mchanga.

“Sanduku lenu liko kwenye kazi ya ukuta,” alisema Kapteni Idrissa kwa Kifaransa. “Litarudi. Kwani wewe ni mtu wa darubini?”

“Ni mpima ardhi, Kapteni.”

“Darubini ni darubini.”

Akafungua kabati, akatoa kitu kilichoviringwa kwenye flana. Ilikuwa darubini ya bunduki ya masafa marefu, nyeusi, ndefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Ilikuwa na vifundo viwili vya kuzungusha. Cha juu kilikuwa cha kupandisha na kushusha shabaha, cha ubavuni cha kuipeleka kushoto na kulia. Kifundo kikizungushwa kililia tik, tik, tik. Kiwanda kiliahidi kwamba kwa kila tik, ule msalaba mwembamba unaoonekana ndani ya kioo utasogea sentimita moja juu ya kitu kilicho umbali wa mita mia. Tik kumi, sentimita kumi. Tik mia, mita nzima.

Kapteni ndiye aliyeshawishi darubini hizo zinunuliwe. Mkubwa wake alizitazama mara moja akasema ni vitu vya kuchezea watoto. Tangu hapo Kapteni alikuwa hali akashiba.

“Nataka mtu asiyekuwa askari aipime,” alisema. “Mtu wa vipimo. Kisha aje aseme mbele ya mkubwa wangu kwamba iko sawa. Ukimaliza, sanduku lako hilo hapo, chukua.”

Youssoufa alifikiri: asubuhi moja tu. Akakubali.

Jioni hiyo mkewe, Hadjira, alikuwa akichambua mchele uani. Nyumba ilikuwa yake, aliyojengewa na wazazi wake kama ilivyo desturi ya visiwa hivyo, na Youssoufa, mgeni kutoka Ndzuani, kile kisiwa cha pili, mwenye matamshi ya kuchekesha majirani, hakusahau hata siku moja kwamba alikuwa chini ya dari la watu.

“Unawapimia bunduki?” Hadjira aliuliza.

“Darubini, Hadjira. Peke yake. Hata bunduki yenyewe haipo.”

“Na panga hunolewa peke yake.”

“Nataka theodolaiti yangu. Nataka mama zangu kule wapate maji. Basi.”

“Mimi sijasema kitu, Baba Bahia,” alisema Hadjira, akaendelea kuchambua mchele.

Mahali palipochaguliwa ni juu ya Mvouni, kwenye uwanda wa mawe meusi ya volkano ambako hakuoti kitu cha maana. Youssoufa alikwenda na Saïndou, kibarua wa ofisi, mwenyeji wa kijiji hicho hicho, ambaye kazi yake ya miaka mingi ilikuwa kushika ncha ya tepu na kuivuta kwa nguvu zake zote. Alikuwa na nguvu nyingi. Wakapima mita mia kwa ile tepu ya kitambaa. Ncha moja wakasimamisha ubao mrefu, wakaunyoosha kwa timazi, na Youssoufa akauchora mistari kwa rula ya chuma, mstari kila sentimita kumi, kwa wino mwekundu. Ncha ya pili wakaweka jiliwa nzito iliyokazwa juu ya jiwe, na darubini ikabanwa ndani yake isiweze hata kupumua.

Youssoufa alipachika jicho. Akauweka msalaba juu kabisa, kwenye mstari wa kwanza. Akashika kifundo kwa vidole viwili, akaanza kuzungusha, na msalaba ukaanza kuteremka ubaoni taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi. Alipofika tik ya mia aliacha, akatazama. Msalaba ulipaswa kukaa juu ya mstari wa mita moja. Haukukaa. Ulikuwa umepita chini yake kwa upana wa vidole viwili, sentimita tatu.

Akarudisha tik mia. Msalaba ukarudi juu ya mstari wa kwanza sawasawa. Akashusha tena. Sentimita tatu.

“Vipi?” Saïndou alipiga kelele kutoka kwenye ubao.

“Inazidisha!”

Alirudia mpaka jua likapanda na hewa juu ya mawe ikaanza kucheza, ubao ukaonekana kama unaogelea. Kila mara sentimita tatu. Darubini ilikuwa na uongo wake, tena uongo usiobadilika.

Kapteni hakutaka kusikia. “Jiliwa yako imelegea,” alisema.

Youssoufa akaikaza. Kesho yake akaongeza magunia ya mchanga pande zote. Sentimita tatu. Kapteni akasema ni ubao umepinda. Wakabadilisha ubao. Sentimita tatu. Kapteni akasema ni jicho la Youssoufa. Akaja mwenyewe na gari, akalala kifudifudi juu ya mawe, akazungusha kifundo huku akihesabu kwa sauti. Alipofika mia akanyamaza. Kisha akainuka, akauendea ubao ule mita mia nzima kwa mwendo wa haraka, akaupiga teke ukaanguka.

“Umechora mistari vibaya!”

“Pima kwa rula, Kapteni.”

Kapteni akapima kwa rula. Mistari ilikuwa sawa. Akaitupa rula chini.

“Najua watu wa mji wanavyotusema,” alisema. “Najua mnavyotuombea. Kama unaiharibia jina kwa makusudi, nitajua. Endelea kupima.”

“Kapteni, mimi nina kazi kisiwa cha pili. Nipe tu sanduku.”

“Endelea kupima.”

Akaendelea. Asubuhi baada ya asubuhi watu wa Mvouni walioteremka kwenda kazini Moroni walimpita amelala kifudifudi na jicho lake kwenye chombo cha wazungu. Siku za kwanza walimwamkia. Baadaye walimwamkia Saïndou peke yake. Na hilo lilimchoma kuliko matusi ya Kapteni, maana angewajibu nini? Kwamba hakuwa upande wa wazungu, alikuwa upande wa mita? Wazungu walimwona mhujumu na watu wa Mvouni wakamwona kibaraka, naye alichokuwa akikisema tangu mwanzo kilikuwa kitu kimoja, kile kile alichokiona kwa jicho lake.

Alikuwa katika hali hiyo ndipo simu ilipopigwa ofisini kutoka Mutsamudu. Aliyepiga ni Housseini, msimamizi wa mtaro, tena mjomba wake wa upande wa mama. Mabomba yamekwisha, mtaro haujaisha. Watu wanasema yameibwa. Njoo upesi.

Kapteni alimruhusu aende, kwa kuwa yeye mwenyewe alikwisha kuchoka kuutazama ule ubao.

Youssoufa alimkuta Housseini amesimama mwisho wa bomba, na mbele yake mtaro mtupu ukiendelea kama mdomo uliozibwa nusu. Zilikosekana mita kama ishirini na nne, sawa na mabomba manne. Na pale ukingoni walikuwa wamekaa wanawake wa mtaa, ndoo zimepinduliwa chini kama vigoda, mbele yao Moinahalima, mama mtu mzima mwenye sauti ya kuita ng'ambo.

“Huyo amekuja,” alisema Moinahalima. “Mwanetu. Tumemsomesha tukamvisha viatu, ametuletea bomba la kufika nusu.”

“Mama, nipe nafasi nihesabu.”

“Hesabu! Mabomba manne hayana mbawa. Uliza walioyapakua bandarini. Uliza mjomba wako amelalia nini.”

Housseini akamsogelea. Alikuwa mtu aliyesalisha msikitini mara nyingine, na neno wizi halijapata kumgusa. “Youssoufa, hesabu,” alisema. “Mbele yao. Hesabu.”

Akahesabu. Mabomba yote aliyoagiza yalikuwepo ardhini, hakuna pungufu hata moja. Akahesabu tena kwa sababu hakuna aliyemwamini. Basi mtaro ndio uliorefuka? Akachukua ile tepu ya kitambaa aliyokuja nayo, akaupima upya kwa ukali, Housseini akishika ncha. Ukatoka vile vile alivyouandika mara ya kwanza, mita mia nane kamili. Mabomba ya mita mia nane, mtaro wa mita mia nane, na bado mabomba hayaujazi mtaro. Aliona kama anachezewa. Aliitupa tepu, akaketi juu ya udongo, akashika kichwa.

“Anatafuta uongo wa kusema,” sauti moja ya mwanamke ilisema nyuma yake, wala si kwa kunong'ona.

Ndipo, kwa hasira tu na kwa kukosa la kufanya, aliinyanyua tepu na kuilaza juu ya bomba moja lililokwisha kuungwa. Kila bomba hukatwa kiwandani mita sita. Tepu ikasoma tano na themanini na kidogo. Akahamia bomba la pili. Tano na themanini na kidogo. La tatu, vile vile.

Bomba la chuma halipungui. Tepu ndiyo iliyorefuka. Miaka yote ile Saïndou ameivuta kwa nguvu zake zote, juu ya mawe, katika mvua, mpaka kitambaa kimelegea kama kiuno cha suruali kuukuu, na kila mita yake imekuwa mita na sentimita tatu.

Sentimita tatu.

Umbali wa Mvouni haukuwa mita mia. Ulikuwa mia na tatu, na kwa umbali huo tik mia husogeza msalaba sentimita mia na tatu. Darubini ilikuwa inasema kweli tangu asubuhi ya kwanza, kila mara, bila kuchoka, na yeye, mtu wa vipimo, ndiye aliyekuwa akiisingizia.

Alisimama akawaambia wale wanawake yote kuhusu tepu. Aliilaza juu ya bomba mbele yao, akawaonyesha namba kwa kidole. Moinahalima aliinama akatazama kwa heshima, kisha akainuka.

“Kwa hiyo mwizi ni kitambaa,” alisema.

Wakacheka wote, wakabeba ndoo zao wakapanda mlima.

Usiku Housseini hakula. “Ungesema kiwanda kimekosea,” alimwambia Youssoufa. “Kiwanda kiko mbali, hakina jamaa hapa.”

“Ni uongo, mjomba.”

“Na hiyo kweli yako nani ameinunua?”

Njia nzima ya kurudi Moroni Youssoufa alikuwa akijisemesha moyoni. Atakwenda kambini, atasema: Kapteni, darubini yako iko sawa, tepu yangu ndiyo mbovu. Ni aibu, lakini ni kweli, na Kapteni atafurahi, na sanduku litatoka. Alipofika nyumbani akamweleza Hadjira, naye akaweka chini alichokuwa ameshika.

“Wao wanaamini ni mbovu?”

“Wanaamini.”

“Basi iache iwe mbovu.”

“Wakigundua wenyewe watasema nilifanya makusudi.”

“Na wasipogundua?”

Bunduki ile ingeelekezwa wapi, kwa nani, hakuna aliyemwambia. Visiwani hakukuwa na simba wala tembo wa kupigwa kwa mbali namna hiyo.

Kesho yake alipofika kambini Kapteni Idrissa alimlaki mlangoni, akampa mkono, jambo ambalo hakupata kulifanya.

“Nilikushuku,” alisema. “Nilidhani unahujumu. Nimekaa nikafikiri: mtu mwongo hubadilisha maneno. Wewe kila siku sentimita tatu. Kila siku! Nikasema huyu ni mkweli. Tazama.”

Akaitoa darubini, sasa imefungwa juu ya bunduki yake. Kwenye kile kifundo cha juu, juu ya namba za kiwanda, Kapteni alikuwa amebandika ukanda wa karatasi uliochorwa namba mpya kwa kalamu nyembamba, kila mahali zimerekebishwa kwa ule uzidifu wa sehemu tatu kwa mia. Namba za kweli zilikuwa chini yake, zimefunikwa kwa gundi.

“Mkubwa wangu amependa. Amesema tuzibandike zote.”

Youssoufa aliutazama ule ukanda. Ulikuwa umechorwa kwa mkono wenye uangalifu, kazi nzuri kabisa, nayo ilikuwa ya uongo kutoka mwanzo hadi mwisho, tena uongo wake yeye.

“Bunduki hii ni ya kazi gani, Kapteni?”

Kapteni alimtazama kidogo. “Ya mbali,” alisema.

“Kapteni,” alisema Youssoufa, “tepu yetu ya kitambaa ni mbovu. Imevutika. Inadanganya.”

Alisema hivyo hivyo, kwa Kifaransa kilichonyooka, kisha akangoja. Alimtazama Kapteni usoni akingoja lile neno limfikie, lipande, ligonge mahali pake. Kama angeulizwa swali moja tu, inadanganya kiasi gani, angelijibu. Alijua angelijibu.

Kapteni alicheka. “Nyinyi na ofisi zenu! Mnafanyaje kazi na vitambaa?” Akageuka kuita. “Mleteeni sanduku lake! Na ile tepu ya chuma msiisahau. Chukua, zawadi yangu.”

Ilikuwa tepu yao wenyewe, na rangi ya ofisi bado iko kwenye mpini wake.

Youssoufa alilibeba sanduku begani mpaka nyumbani Badjanani, na katika vichochoro vile vyembamba vya nyuma ya msikiti wa Ijumaa watu walijibana ukutani kumpisha. Hakufurahi. Alitaka kufurahi akashindwa. Maisha yake yote kitu kilichomnyima usingizi ni kipimo cha uongo, na sasa amekiacha kimoja duniani kikiwa kizima, kimebandikwa kwa gundi mikononi mwa mtu mwenye bunduki. Na kosa lenyewe lilikuwa dogo mno! Kwa mbali sana, risasi ingekosea kwa upana wa kiganja, pengine pungufu. Halikutosha kumwokoa mtu kwa yakini, wala halikuwa dogo la kusahaulika.

“Umemwambia?” Hadjira aliuliza.

“Nimemwambia.”

“Akasemaje?”

“Akanipa tepu.”

Hadjira akamtilia chai.

Mabomba manne yaliagizwa upya, yakachelewa kwa meli mbili, na siku yalipofika Youssoufa alikwenda Mutsamudu akayaunga kwa mikono yake mwenyewe, Housseini amekaa kando bila kumsemesha. Theodolaiti ilikuwa na skrubu moja iliyoharibiwa huko kwenye ukuta wa wazungu, ikabidi miteremko ya mwisho ipimwe kwa mpira wa maji vile vile. Maji yalitoka, mwanzo yenye kutu, baadaye safi. Moinahalima alikinga ndoo ya kwanza, akayaonja, akasema alhamdulillah.

“Matamu,” alisema, akimgeukia jirani yake. “Na yale mabomba manne ya kwanza, atayarudisha lini?”

Youssoufa alikuwa amepiga magoti pale pale, akikaza nati. Akaendelea kukaza mpaka spana ikamteleza na kumchuna vidole.